Kiganja Juu ya Picha

Jumatatu, 22 Juni 2020

Barakoa ishirini na mbili kabla ya saa nne. Lastiki zimeisha, nimemalizia kwa kamba za fulana kuukuu. Shuka za pamba za Gikomba ndizo nzuri, hazichuji rangi. Hapo zamani, yaani Februari, nilikuwa nauza nguo za watoto pale pale sokoni, na hakuna mwanamke aliyenishinda kwa kelele. Sasa nani atanunua nguo za watoto? Watoto hawaendi popote.

Nelima yuko nyuma ya pazia na simu yangu. Walimu wanatuma kazi kwa grupu la darasa. Kidato cha pili si mchezo. Amevaa barakoa hata ndani ya nyumba. Mimi ninayezishona sivai ndani, lakini yeye havui. Nimemsifu. Nimemshukuru Mungu kwa mtoto mwenye nidhamu. Tangu baba yake atangulie tuko wawili tu, chumba kimoja hapa Mbotela, pazia katikati.

Mboga leo ni sukuma. Tena.


Alhamisi, 25 Juni

Nilifungua simu kutafuta ujumbe wa mteja nikakuta picha ya msichana mgeni. Mweupe kama maziwa ya unga. Pua nyembamba, macho makubwa kama ya ndama, midomo inang'aa. Nikauliza, huyu rafiki yako ni nani?

"Ni mimi, mathe."

Nikavaa miwani. Shati ni la shule, nalifua mimi. Kifungo cha juu nilikishona mimi mwenyewe na uzi wa buluu kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Shati nalijua. Mtoto simjui.

Akasema hiyo ni filta, ya simu kubadilisha sura, kila mtu anaweka, mathe usishtuke. Nikamuuliza, na ukiweka sura yako yenyewe, kunatokea nini?

"Hakuna kitu hutokea. Hiyo ndio shida."

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Mtoto huyu ni baba yake mtupu, weusi ule ule wa kung'aa. Mimi yule mwanamume nilimpendea weusi huo.


Jumapili, 28 Juni

Ibada kwa simu. Mchungaji amekatika mara tatu, mara ya mwisho mdomo wazi. Nimejizuia kucheka.

Tumekula omena, dagaa wa ziwani. Nelima alikula akiangalia ukuta, anainua barakoa kidogo, anatia tonge, anashusha. Nikamwambia, geuka mama, tule kama watu. Akajibu, "Korona, mathe."

Hapo nikacheka kweli.


Jumanne, 30 Juni

Bwana wangu. Bwana wangu.

Niandike tu.

Kulikuwa na harufu nyuma ya pazia. Kama dawa ya nywele, na chini yake kitu kinachooza. Nilimwambia avue barakoa. Akakataa. Nikamshika mkono, nikaivuta mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimeshikana na ngozi. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tumzike baba yake.

Kuanzia puani hadi kidevuni ngozi imetoka. Nyekundu kama nyama ya bucha. Pembeni imekauka, nyeusi, imepasuka.

Ni krimu ya kujichubua. Mkorogo wa kopo lisilo na jina, alinunua kwa msichana anayeuza mtandaoni. Amekuwa akijipaka tangu mwisho wa Aprili. Ilipoanza kuchoma aliambiwa avumilie, ndiyo dalili inafanya kazi. Ilipotoa vidonda akavaa barakoa.

Alianza kwa kubadilisha picha. Halafu akataka uso ufuate picha.

Tumeenda kliniki. Daktari, kijana mpole, amesema tuache kila kitu ila dawa aliyotupa, tusifunike na kitambaa kigumu, jua hapana. Ngozi itarudi. Alama ni za kungoja tuone.

Mimi ndiye niliyezishona hizo barakoa alizojifichia. Nimekuwa nikishukuru kwa ajili ya nidhamu.


Jumatano, 1 Julai

Mzigo huu siuwezi peke yangu. Mimi si mtu wa kukaa na jambo kifuani. Mama yangu alikuwa akisema ukinipa siri asubuhi, kufikia saa sita ng'ombe ameshaisikia.

Nimewapelekea akina mama wa maombi. Tuko arubaini na watatu katika grupu. Zamani mwenye shida alipiga magoti katikati na sisi tukamwekea mikono. Kanisa lilipofungwa, Mama Peris, mwenyekiti wetu, akasema hatutaacha. Mwenye mzigo atume picha. Saa moja kamili jioni, kila mmoja nyumbani kwake aweke kiganja juu ya picha ile kwenye simu, tuombe kwa pamoja. Hivyo ndivyo tumeuombea mguu wa Mama Rhoda. Tumeombea hata ng'ombe wa shemeji ya mtu huko Bungoma, na akapona.

Nelima alilala mchana kwa ajili ya dawa. Nikampiga picha. Uso wote, ili wajue wanaombea nini. Nikaandika: Wapendwa, binti yangu ameungua kwa dawa za kujichubua, anajiona hafai, nisaidieni kubeba.

Amina zilimiminika kama mvua. Saa moja niliweka kiganja changu juu ya uso wake kwenye kioo cha simu, nikalia, nikajua wengine wote wameweka vyao. Ile simu ilikuwa na joto. Sitasahau.

Kisha nikaifuta picha kwangu, na ujumbe wote wa jioni ile, maana kesho asubuhi simu ni ya Nelima.

Moyo mwepesi.


Alhamisi, 2 Julai

Brenda wa mlango wa pili alileta daftari zake ili Nelima anakili. Wako darasa moja, wamekuwa pamoja tangu chekechea. Nelima alikuwa amelala tena. Brenda alimtazama usoni, akaziba mdomo kwa mkono, akakaa kitandani kando yake karibu saa nzima. Mtoto mzuri.

Kidonda cha kidevuni kinakauka.


Jumamosi, 4 Julai

Hakuamka. Nilidhani ni dawa. Nikafunua blanketi, macho makavu yanatazama dari, simu imebanwa kifuani. Nikaichukua.

Ni stika, vile vipicha vya utani wanavyotumiana. Kichwa cha mtoto wangu kimekatwa kama karatasi, macho yamefumba, vidonda wazi. Chini yake wameandika UKOKO.

Yaani ule ukoko wa sufuria. Ugali ulioungua.

Imetumwa kwa grupu la darasa lake. Mmoja kaandika, "Nani anataka ukoko na maziwa?" Mwingine, "Lowekeni hiyo sufuria hadi shule ifunguliwe." Vicheko, vicheko, vicheko, nimesukuma juu kwa kidole na haviishi. Watoto ambao nimewavalisha sweta za Gikomba. Wengine wamekula ugali kwangu.

Pembeni ya shavu wameacha kipande cha mto. Njano, ua la uzi mwekundu. Mto wa kitanda chetu.

Naijua hiyo picha. Ni mimi niliyeipiga.

Nikakaa chini sakafuni.

Nelima akasema, pole pole, kama mtu mzima, "Ni Brenda. Hakuna mtu mwingine huingia hapa."

Nilifungua mdomo. Ukajifunga wenyewe.


Jumapili, 5 Julai

Brenda amekuja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Neli, fungua. Haki ya Mungu si mimi."

"Enda ukule ukoko na wenzako!"

"Neli, mimi na wewe tumetoka mbali, siwezi. Haki siwezi."

"Ulikaa hapa saa nzima ukinicheki nikiwa nimelala. Unadhani mathe hakuniambia? Toka!"

Ndiyo, mimi nilimwambia. Nilimwambia ili ajue anapendwa.

Nilisikia Brenda akilia hadi kwao. Nilikuwa namenya viazi. Nimeviosha, nimevikata, nimeviweka jikoni. Sikusema kitu. Naandika ili nilione kwa macho yangu: sikusema kitu.

Sijaomba leo. Nikifumba macho naona vile viganja.


Jumatatu, 6 Julai

Nimeenda kwa Mama Peris. Hatukukaribiana, yeye kizingitini, mimi uani, barakoa zetu puani. Nilimwonyesha stika. Alishika kichwa.

"Mungu wangu. Nani ametoa hii nje? Sisi ni watu wazima, mama."

Nikamwambia si sisi. Angalia nyuma yako.

Binti yake mdogo alikuwa kwenye kochi na simu ya Mama Peris mkononi, anafanya hesabu za mwalimu. Simu ile ile yenye grupu la maombi. Mama Peris akageuka, akatazama, akarudi kunitazama.

Mwishowe akasema, "Hizi simu si zetu tena. Asubuhi ni za walimu, mchana ni za watoto. Zetu ni zile dakika za kuomba tu."

Akina mama arubaini na watatu. Nilidhani nampeleka mtoto wangu madhabahuni. Nilimweka mikononi mwa kila kijana wa mtaa. Na mimi nilijua! Nilifuta kwangu kwa sababu nilijua simu inashikwa na mtoto. Sikufikiria kwamba wengine wote wana shida ile ile niliyo nayo. Nani alitengeneza stika hatujui, na hata tukijua, mlango niliufungua mimi.

Nimerudi nyumbani nikiwa na nia ya kusema. Nikamkuta amelala. Nikafurahi kwamba amelala. Hivyo ndivyo nilivyo.


Jumanne, 7 Julai

Redio imesema shule hadi Januari. Majirani wanapiga kelele uani, wengine wanalia ada, wengine wanacheka. Nelima alisema kutoka nyuma ya pazia, "Poa. Hata Januari sirudi."

Nikamwambia vidonda vinapona, daktari kasema.

"Mathe, sura itapona. Ile stika haiponi. Nikiwa na miaka thelathini mtu atakuwa nayo kwa simu."

Halafu akasema, bila hasira, kama anayeniomba chumvi, "Afadhali korona ingenichukua. Wangeweka picha yangu na mshumaa, waandike nilikuwa mrembo."

Cherehani ilisimama. Sindano ilikuwa nusu kwenye kitambaa.

Nimetoa dawa ya panya juu ya kabati nikaipeleka mbali. Nimetoa vidonge vyangu vya presha, viko kwenye mfuko wa aproni ninapoandika. Sikuwahi kufikiria nyumba hii ina vitu vya kuficha. Nimempigia yule daktari kijana simu. Amesema, usimwache peke yake, umlete kesho azungumze na mama fulani wa ushauri pale pale kliniki, na usimkemee. Nikauliza, nimwambie nini? Akasema, mwambie ukweli wowote ulio nao.

Ninao.


Jumatano, 8 Julai

Tumetoka kliniki saa sita. Mama yule wa ushauri ameongea naye faraghani muda mrefu, mimi nje nikihesabu vigae. Tutarudi Ijumaa, na kila Ijumaa.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango nikapiga magoti. Akadhani naomba, akafumba macho. Nikamwambia, fumbua. Napiga magoti kwako.

Nikamwambia yote. Picha, grupu, viganja. Na kwamba nilisikia akimfukuza Brenda nikaendelea na viazi.

Hakunipigia kelele. Ningeomba anipigie.

"Ulinipiga picha nikiwa nimelala?"

Ndiyo.

"Wewe uliniona vile nilivyo, ukawaonyesha."

Nikasema nilikuwa naomba, mwanangu, nilitaka msaada.

"Si ungeomba tu? Mungu anataka picha?"

Mimi mwanamke wa miaka arubaini na saba, ninaongoza maombi kila Jumatano ya pili ya mwezi, nikafundishwa kuomba na mtoto wa miaka kumi na sita.

Akasema wao huko mtandaoni angalau alijua ni watu wa kucheka watu. Huko alikuwa anajikinga. Hapa nyumbani hakuwa anajikinga.

Kisha akaenda nyuma ya pazia.


Alhamisi, 9 Julai

Hajasema neno. Amekula nusu. Niko hapa, siendi popote.


Ijumaa, 10 Julai

Kliniki asubuhi. Amekubali kutembea kando yangu, si nyuma yangu.

Jioni nimeenda kwa Brenda. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni kama askari. Nikamwambia nimekuja kwa mtoto. Mtu mzima haombi radhi kwa mtoto kwetu, unatuma soda, unatuma mandazi, mambo yanaisha. Nilienda mikono mitupu makusudi.

Nikamwambia Brenda, ni mimi niliyetoa ile picha, wewe ulishtakiwa na mimi nikanyamaza, nisamehe.

Alitazama vidole vyake vya miguu. "Mama Neli, hata mimi nilitumiwa hiyo stika na watu sita. Sikuipeleka kwa mtu."

Nikasema najua.

"Sasa hata akisikia si mimi, atakuwa na haya kuniona. Mwambie sina noma na yeye. Mwambie zile daftari akae nazo."

Nilifikisha maneno hayo kama nilivyopewa, hata hilo la noma, yaani kinyongo, ingawa mdomo wangu haukulizoea. Pazia likatikisika. Sauti ikasema, "Alisema hivyo? Sina noma?" Nikasema hivyo hivyo.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tangu juzi.


Jumapili, 12 Julai

Baada ya ibada nimerekodi sauti nikaituma kwa grupu la akina mama. Nelima alikuwa amekaa pale pale, nilimwomba kibali kwanza, akainua mabega, nikasema hiyo si ruhusa, akasema, "Sawa mathe, sema. Lakini jina langu usitaje."

Sikulitaja. Nimesema: Wapendwa, picha niliyotuma imemuumiza mwenye picha, kosa ni langu. Futeni. Angalieni watoto wenu wana nini kwa simu, na mkiona ile stika msiwapige, muwaulize wangejisikiaje. Na mimi sitatuma tena picha ya mtu asiyejua anapigwa picha, hata kwa maombi.

Wengine wameshukuru. Mama Rhoda amenijibu kwa sauti, dakika tatu, kwamba nazuia kazi ya Mungu, kwamba mguu wake ulipona kwa njia hiyo hiyo. Mwingine: "Shetani anatumia aibu kunyamazisha maombi." Niliyasoma mara mbili. Mwezi mmoja uliopita mimi ndiye ningeandika hivyo, na herufi kubwa.

Mama Peris ameandika neno moja: Nimefuta. Halafu baadaye, kwangu peke yangu: Binti yangu ameniambia ile picha alimtumia mwenzake mmoja tu. Mmoja tu! Nimekaa naye tangu asubuhi, sote tunalia.

Sikumjibu kwa hasira. Hasira ilikuwepo. Niliiweka chini kwanza, kama sufuria ya moto.


Alhamisi, 16 Julai

Baridi. Mawingu tangu asubuhi, vizuri kwa ngozi yake. Upande wa kulia umefunga. Upande wa kushoto utabaki na alama, daktari amekubali kusema hivyo sasa. Nelima alimsikia. Aliuliza ukubwa wake. Akaonyeshwa kwa kidole. Akasema sawa.

Brenda alikuja saa nane. Walikaa kitandani kila mtu na daftari lake, hawakuongea sana. Wakati wa kuondoka nikasikia kicheko kimoja, kifupi. Sikujua ni cha nani na sikuinua kichwa.

Jioni nilikuwa nakunja vitambaa. Nelima alitoka nyuma ya pazia, akavuta kigoda, akaanza kunisaidia kukunja bila kuombwa. Tulipofika kitambaa cha kumi hivi, akaanza kuongea. Ameongea hadi mkaa ukawa majivu. Kuna jambo ameniambia, la zamani, la kabla ya korona, ambalo hajamwambia mtu yeyote, hata Brenda, hata yule mama wa kliniki. Alipomaliza alinitazama tu. Hakuniambia nisiseme.

Sitaliandika hapa.

Baadaye Mama Peris alinipigia. Akauliza, mama, mtoto vipi, kuna la kuombea? Nikahisi ulimi unainuka wenyewe, kama ulivyozoea.

Nikamwambia anaendelea vizuri. Kisha nikamuuliza kuhusu kuku wake, na tukaongea kuku.